Kesi za utapeli wa kuvuka mipaka: naweza kuanzia Malindi?

BintiShela
Assalamu alaykum. Mimi ni wa Shela, Lamu, namaliza shahada ya sheria mwaka huu. Natamani sana kazi ya kurudisha mali zilizotapeliwa: pesa zimetoka huku zikaenda Dubai au London, nawe wakili unazifuata mpaka zirudi. Mjomba anasema kazi hiyo ni ya ofisi kubwa za Nairobi, Malindi nitaishia mikataba ya viwanja. Mawakili mliopo huko, ni kweli? Nijifunze nini kwanza?

WakiliMalindi
Waalaykum salaam mwanangu. Mjomba nisalimie, ila hapo sikubaliani naye. Mikataba ya viwanja ndiyo darasa lenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena si zaidi ya miaka 99. Wageni wengi hapa hununua kupitia kampuni. Basi mwizi hana haja ya kugusa hati ya nyumba, anahamisha hisa tu.

Niliwahi kumsimamia mjane wa Kiitaliano. Hisa za marehemu mumewe zilikuwa zimehamia kwa msimamizi wa nyumba yao. Fomu ilikuwa na sahihi, muhuri wa wakili na tarehe, na ilisema imetiwa sahihi hapa Malindi. Nikaomba pasipoti ya mzee. Muhuri wa uhamiaji ulionyesha aliondoka Kenya mwezi uliotangulia na hakurudi mpaka Disemba. Sahihi ilikuwa imeigwa vizuri mno. Tungeshikilia hiyo, wataalamu wa maandishi wangebishana mwaka mzima. Muhuri ule uliwanyamazisha.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, kuikuta mali bado ipo ni jingine. Kabla mdaiwa hajapata habari tuliingia mahakamani kwa hati ya dharura, yeye hajaitwa, kuomba nyumba isiuzwe na akaunti isiguswe. Amri ya kufunga mali namna hiyo mawakili huiita Mareva, kwa kesi ya Uingereza ya 1975. Ina masharti makali: unaeleza kila unachokijua, hata kinachokuumiza, na mteja anaahidi kulipa hasara ikija kuonekana alikosea. Ukificha jambo, amri inaondolewa na hakimu hakuamini tena. Nimeona watu wakishinda kesi baada ya miaka, wakakuta akaunti tupu. Inaniuma mpaka leo.

Kombo_Msa
Wakili, na kama mtu ameshapata hukumu Italia? Si anaisajili tu Mahakama Kuu?

WakiliMalindi
Hapana ndugu yangu, na hapo wengi hukwama. Sheria ya hukumu za kigeni ya 1984 ina orodha ya nchi: Uingereza, Australia, Malawi, Seychelles, Tanzania, Uganda, Zambia na Rwanda. Italia haimo, na Waitaliano ndio tuliojaa nao mji huu! Anafungua kesi mpya hapa, ile hukumu akiidai kama deni. Mahakama ya Rufani ilikubali njia hiyo 2016. Hata hukumu ya London ina muda wake, miaka 6 ya kuisajili.

MkalimaniWatamu
Dada, naongeza la lugha. Kiitaliano cha ufukweni hakitoshi. Taarifa ya benki ya Milano au wasia wa huko huwezi kuupeleka kortini vilevile, lazima utafsiriwe, na neno moja la umiliki likikosewa, wakili wa upande wa pili analikamata hapohapo.

BintiShela
Ahsanteni sana. Wakili, basi nisome nini zaidi?

WakiliMalindi
Sheria ya ushahidi, sheria ya makampuni, na kusoma hesabu za benki mstari kwa mstari. Hilo la tatu vyuoni hawalifundishi vya kutosha, mtafute mhasibu akuelekeze. Kisha Chuo cha Sheria Nairobi, na ukifika wakati wa uanagenzi, omba ofisi yenye kesi za ardhi hapa Malindi. Ukikosa, niandikie.