Tupeane uzoefu: Kuuguza mtoto wodini hapa Dodoma

Mama Wawili, Nkuhungu (mleta uzi)

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni mlio wakubwa.

Mambo mengi ya kuuguza mtoto wodini hatuyajui mpaka yatufike. Unafika na mtoto anahema, unapewa kitanda, nesi anakuambia mawili matatu kwa haraka kwa sababu ana watoto wengine wanaomsubiri. Yaliyobaki unafundishwa na mama wa kitanda cha jirani. Naomba tuyaandike hapa: uliuguza nini, uliona nini kwa macho yako, kipi kilisaidia. Tusitaje mtu wala hospitali kwa ubaya.

Naanza mimi. Wangu wa mwisho alilazwa na nimonia kabla hajafikisha miaka miwili. Ilikuwa Julai, mnaujua upepo wa Dodoma wa mwezi huo. Kilichonifanya nimkimbize ni mbavu. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani. Pale mapokezi hawakuniweka kwenye foleni. Nesi alimfunua shati tukiwa bado tumesimama, akamhesabu pumzi dakika nzima, kisha akambana kidoleni kile kipimo cha oksijeni chenye taa nyekundu. Ikasoma themanini na kitu. Chini ya 90, aliniambia, mtoto anatakiwa oksijeni, tena upesi.

Vile vimirija vya puani mtoto anavichukia, anavivuta. Mama mmoja wa Ntyuka akanipa soksi nimvishe mikononi, ikawa dawa. Nesi naye akanionyesha kwamba pua ikiziba kwa makamasi oksijeni haifiki: unadondoshea matone ya maji ya chumvi, unasafisha, ndipo unanyonyesha. Unamwinua mgongo na kichwa, unampa kidogo kidogo. Akiwa anahema mno, usimlazimishe kula wala kunyonya, mwambie nesi ili waangalie kama awekewe mrija wa kulishia.

Kuhesabu pumzi sasa nafanya hata nyumbani. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, shati juu, simu mkononi kwa ajili ya dakika. Wa miezi 2 hadi asiyefikisha mwaka, pumzi 50 na kuendelea ni kasi mno. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni 40 na kuendelea. Kifua kikibonyea acha kuhesabu, tafuta bajaji.

Ninachokisisitiza ni kimoja: mzazi wodini hajaja kumtembelea mgonjwa. Nesi anapita, daktari anapita, wewe umekaa hapo usiku na mchana. Mtoto akibadilika, wa kwanza kuona ni wewe, na ukinyamaza hakuna atakayejua.

Baba, Chamwino

Asante dada kwa uzi huu. Sisi wanaume tunaiogopa wodi ya watoto, akina mama wananyonyesha, hujui uangalie wapi. Mke wangu alikuwa na kichanga, ikabidi niuguze mimi.

Kijana wa miaka saba alianguka kwenye mkwaju, kiwiko kikavunjika. Watu pale kijijini wakasema apelekwe kwa fundi wa mifupa amfunge vijiti. Nilikataa, mkono ulikuwa unavimba na vidole vinapoa. Nikaufunga kwa kanga vilevile ulivyokaa, bila kuunyoosha, tukapanda gari hadi mjini. Wakamrekebisha, wakamfunga hogo (plasta ngumu), mkono ukaning'inizwa juu ili uvimbe upungue.

Usiku nesi akaniambia: "Baba, kazi yako leo ni vidole." Akanifundisha. Kila saa angalia rangi, gusa kama vina joto, mwambie avichezeshe. Bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, achia. Wekundu urudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Kisha mnyooshe vidole taratibu usikie anasemaje.

Saa tisa usiku mtoto akaanza kulia. Dawa ya maumivu alikuwa ameshapewa, lakini nikigusa kidole kukinyoosha anapiga kelele wodi nzima inaamka. Nikaenda kumwita. Hakubishana, hakusema "mwache azoee". Alibonyeza kucha mara moja, akampigia daktari, na hogo likapasuliwa urefu wake wote pamoja na pamba na bandeji ya ndani mpaka ngozi ikaonekana. Mtoto alinyamaza tukiwa bado tumesimama pale. Daktari akanieleza kuwa mkono ukivimba ndani ya kitu kigumu damu haipiti kwenye nyama, na baada ya saa chache nyama inakufa, mkono unakauka. Ndiyo yanayowakuta wanaofungwa vijiti vikakazwa.

Anaandika kwa mkono huohuo sasa hivi. Yule nesi wa usiku nitamwombea maisha yangu yote.

Sista wa Zamu

Mimi ni nesi wa watoto, sitasema wapi. Baba wa Chamwino, ulichofanya saa tisa ile ni uuguzi kamili.

Naongeza machache. Ukituita, tuambie kilichobadilika na tangu saa ngapi. "Sista, mwanangu hali si nzuri" inanifanya nianze kuuliza maswali. "Sista, tangu saa mbili hajakojoa, na nikimwita hafumbui macho" inanifanya nikimbie. Usiku naweza kuwa na watoto wengi kuliko ninavyoweza kuwatazama, kwa hiyo usiogope kuonekana msumbufu.

Dawa za watoto karibu zote zinapigiwa hesabu kwa kilo. Ukiona mtoto amelazwa bila kupimwa uzito, kumbusha. Akiongezewa damu, dakika 15 za mwanzo usitoke kabisa hapo kitandani; akitetemeka, akijikuna, akihema au joto likipanda, ita papo hapo.

Na hili linaniuma moyo: "Nyamaza, la sivyo namwita sista akuchome sindano." Wazazi, tunawaomba sana. Mtoto uliyemtishia hivyo, nikisogea hata na kipimajoto anapiga mayowe, na kanula, yaani kale kamrija ka kwenye mshipa, inayowekwa kwa mtoto anayerusha miguu inaharibika, tunarudia kuchoma. Usimwambie pia kwamba haitauma. Inauma, naye atajua umemdanganya. Mwambie itauma kidogo, itaisha, mama nipo hapa nimekushika. Mpakate, asilazwe chali akabanwa na watu wanne. Kichanga mnyonyeshe wakati wa kuchomwa. Kunyonya kunapunguza maumivu, hilo limepimwa.

Hombolo

Sista, pole na kazi, lakini tuseme ukweli. Kuna manesi wana kauli chafu. Nilimuuliza mmoja dripu mbona imesimama, akanijibu "kwani wewe ndiye daktari?" mbele ya watu. Nilikaa kimya usiku mzima, na mkono wa mtoto ukavimba pale kwenye kanula.

Sista wa Zamu

Pole sana ndugu yangu, hukustahili jibu lile. Dripu ikisimama au mkono ukivimba kuzunguka kanula, ni haki yako kuuliza, nasi ni wajibu wetu kuitazama. Ukijibiwa hivyo nenda kwa msimamizi wa wodi. Usiku kuna kiongozi wa zamu. Uchovu upo, ila haumpi mtu ruhusa ya kumfokea mzazi.

Binti wa Kibaigwa

Mdogo wangu alivuta sufuria ya uji. Uji ni mbaya kuliko maji, unaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Shingo, kifua na mkono wa kulia.

Jirani alikuja na dawa ya meno, mwingine na yai. Mama akawazuia wote, akamvua nguo, akaanza kumwagia maji ya kawaida kwa kata. Kwetu maji tunanunua kwa madumu, watu wakamwambia unamaliza maji. Akaendelea. Hospitali walitaka kujua tulipaka nini, tukasema maji tu, wakamsifu. Inatakiwa dakika 20 hivi, maji ya kawaida yasiwe ya barafu, na sehemu ambayo haikuungua uifunike maana mtoto anapoa haraka.

Wodini nilikaa naye mimi, mama alikuwa na duka. Hakuna kitu kigumu kama siku ya kubadilisha bandeji. Kulikuwa na nesi mmoja aliyekuwa anampa dawa ya maumivu kwanza, anaondoka, anarudi nusu saa baadaye ikiwa imeshaingia. Alilowesha bandeji iliyogandia hadi ikaachia yenyewe. Na alimpa mtoto kazi: "wewe ndiye utakayeniambia simama, nami nitasimama." Akisema simama, anasimama kweli. Siku alipokuwa hayupo mdogo wangu alimwulizia.

Jambo jingine ambalo sikulijua: aliyeungua shingo halazwi kwa mto. Walimwekea kanga iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke, kwa sababu kidonda kikipona shingo ikiwa imeinama, kidevu kinashikana na kifua. Vidole navyo vinafungwa kimoja kimoja. Nilikuwa namwondolea mto kila bibi akija kutuona na kumwekea.

Na chakula. Kidonda cha moto kinakula mwili wa mtoto. Mayai, maziwa, maharage, dagaa, mpe kila anachokubali.

Mama wa selimundu, Kizota

Nasoma nalia. Wangu ana miaka tisa na wodi ni nyumbani kwake kwa pili. Aligundulika akiwa mchanga wa miezi, viganja na miguu ilivimba ghafla, nikaambiwa ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake wote tumebeba vinasaba vyake bila kujua.

Nesi wa kliniki alichukua mkono wangu, akauweka tumboni kwa mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu. Akasema hapa ndipo bandama ilipo, ijue ukubwa wake. Siku ukiiona imekua ghafla na mtoto amepauka viganja na ulimi, usisubiri asubuhi, damu imekwama humo. Usiku mmoja iliwahi kutokea. Niliigusa, nikajua. Tulifika, akaongezewa damu, yu hai.

Mengine: homa ya 38 kwetu ni safari ya hospitali, si Panadol na kusubiri. Maji anywe mengi. Sweta Juni na Julai, baridi inamwamshia maumivu. Akisema mifupa inauma aaminiwe. Nimewahi kusikia mtu akisema mtoto anadeka kwa sababu dakika tano zilizopita alikuwa anatazama katuni. Mtoto aliyezoea maumivu anajifunza kutazama katuni huku anaumwa.

Sasa anatumia dawa ya haidroksiyurea, vipindi vya maumivu vimepungua sana. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa walianza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Tunaulizia, ila anatakiwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye uloto wake unalingana. Tunamwomba Mungu.

Mama Wawili

Pole mama, na hongera. Hilo la kuaminiwa maumivu limenigusa.

Mjukuu, Bahi

Naandika kwa niaba ya bibi, hana simu ya kuandikia. Mbukwenyi nyote. Alimuuguza mdogo wetu aliyekuwa na utapiamlo mkali, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi. Kipimo cha mzunguko wa mkono kilisoma chini ya sentimita 11.5, ile sehemu nyekundu.

Bibi anasema kilichomtesa ni maziwa kidogo. Wanampa kikombe kidogo cha maziwa ya dawa kila baada ya saa tatu, hata usiku wa manane, na yeye anaona mtoto anakufa njaa wakati ana ugali wa uwele na mlenda kwenye hotipoti. Nesi akakaa naye chini, akamwamkia, akamweleza: mwili huu umezima mambo mengi ili uishi, moyo na matumbo vimechoka, ukiujaza ghafla unaushinda na mtoto anaweza kufa kwa chakula. Kwanza maziwa mepesi, akitulia na hamu ikirudi wanapandisha mazito na ile karanga ya paketi. Na zamu ya usiku isirukwe hata moja, sukari ikishuka na mwili ukipoa usiku ndipo wanapoondoka.

Bibi aliamka zamu zote. Alimlaza kifuani ndani ya kitenge. Anasema siku mtoto alipolilia kikombe mwenyewe, manesi walikuja kuangalia.

Chemba

Ndugu zangu, nipo wodini sasa hivi. Mwanangu wa miaka minne alikuja na malaria kali na degedege, amechomwa zile sindano, leo anacheza. Tumeambiwa kesho ruhusa na tutapewa vidonge vya mseto. Sindano zimemponya, mseto wa nini tena? Na je, degedege litarudi?

Sista wa Zamu

Hongera mama, nimefurahi. Sindano ya artesunate inawaua wadudu haraka sana, lakini haikai mwilini muda mrefu. Inapigwa akifika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha mseto wa siku 3 ndio unaomalizia waliobaki. Asipoumaliza, malaria inaweza kurudi.

Dozi ya kwanza ya mseto anywe akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo, hata uji wa karanga au maziwa. Ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka zitimie sita. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, na uje uongezewe iliyopungua.

Degedege likitokea nyumbani mlaze ubavu kwenye sehemu laini. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, angalia saa, njoo.

Na kwa wiki nne zijazo mtazame viganja na mkojo. Akipauka, akichoka, au mkojo ukiwa mweusi kama kokakola, mrudishe apimwe damu hata kama hana homa. Kabla ya kutoka kesho omba karatasi ya ruhusa yenye jina la sindano alizopata, uitunze pamoja na kadi yake ya kliniki.