Naomba ushauri: Datsun 240Z au 260Z?

Habari zenu wakuu. Nataka kununua Datsun Z ya zamani, lile gari la spoti la Kijapani. Naipenda tangu utotoni kwa sababu ya ushindi wa 240Z kwenye Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Nimepata mbili hapa Nairobi, bei zinakaribiana, na nimekwama.

Ya kwanza ni 240Z ya 1972. Ni nyepesi na ukikanyaga mafuta inaitika papo hapo. Lakini nilipoinua zulia upande wa dereva na kugusa sakafu kwa bisibisi, bati likatoboka. Chini ya betri pia kuna kutu. Tena bloku ya injini imeandikwa L28, yaani ya lita 2.8, wakati injini yake ya asili ni L24 ya lita 2.4.

Ya pili ni 260Z ya 1975, ile ndefu ya viti vinne. Bodi safi, injini yake yenyewe ya lita 2.6, ila umbo lake halinivutii vile.

Nimeuliza mafundi, kila mmoja ana lake. Waliowahi kukarabati Z: kutu ikifika sakafuni, huwa imeshakula na chasisi, au bado inatengenezeka? Na injini iliyobadilishwa inashusha thamani ya 240Z kiasi gani?