Nimeteleza kwenye ngazi za jengo la watu, mwenye jengo kaleta elfu hamsini na karatasi

mama_mwaloni
Wakuu, habari za saa hizi. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Juzi nilipanda ghorofa moja mjini kufuata gauni kwa fundi. Ngazi zilikuwa zimetoka kudekiwa, povu bado lipo, vigae vinateleza kama kambare, hakuna kibao wala mtu wa kusema "mama subiri". Niliserereka mpaka chini. Mkono wa kulia umevunjika, nina POP, ile plasta ngumu, hadi kwenye kiwiko, kuanika dagaa siwezi.

Sasa mwenye jengo kaniletea elfu hamsini "ya soda", na karatasi nisaini kwamba simdai tena. Nisaini? Na mimi si mpangaji wake, nina haki kweli?

karani_mstaafu
Pole sana mama. Usisaini. Angekuwa anakupa pole tu asingekuja na kalamu.

Sheria haiangalii kama wewe ni mpangaji. Inaangalia nani ana mamlaka na zile ngazi, na kama alichukua tahadhari ya kawaida kwa watu anaojua watapita. Ngazi za wote ni jukumu la mwenye jengo. Ila kuanguka peke yake si ushahidi wa uzembe. Mtafute fundi wako leo akubali kuwa shahidi, kabla baba mwenye nyumba hajamkumbusha kodi.

Gharama halisi, yaani dawa, eksirei na mapato uliyokosa, unazitaja shilingi kwa shilingi kwenye hati ya madai na kuzithibitisha. Maumivu anayakadiria hakimu mwenyewe. Kwenye mapato ndipo wafanyabiashara wetu wanapokwama, daftari hawana. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali.

kijana_wa_igoma
Mzee, hapa Mwanza nani anashtaki mtu kwa ngazi? Mama chukua hela. Mimi nilitumbukia na bodaboda kwenye mtaro wa jiji usio na mfuniko, nikajifuta matope nikaondoka.

karani_mstaafu
Mkasa wako ungekuwa mgumu zaidi, mdogo wangu. Halmashauri unaipa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi. Huyu wa mama ni mtu binafsi. Aandikiwe barua ya madai yenye jumla ya gharama, huenda akalipa hapo hapo.

Mama, jiandae na swali hili: ulivaa nini miguuni, ulibeba nini? Wakionyesha nawe hukuwa makini, fidia inapunguzwa kwa kiasi cha kosa lako.

mama_mwaloni
Kandambili, baba. Mkononi nilikuwa na pochi tu. Fundi amekubali, ila kasema asiitwe wiki ya sikukuu, ana oda. Risiti za dawa ninazo. Bajaji za kwenda kliniki hawatoi risiti.

karani_mstaafu
Nunua daftari. Kila safari andika tarehe, nauli na namba ya bajaji, dereva asaini. Nakala ya ile karatasi ya elfu hamsini unayo?

mama_mwaloni
Ninayo yenyewe. Aliiacha mezani akasema atapitia kesho.

karani_mstaafu
Ipige picha kabla hajafika.