Kichujio cha HEPA hunasaje chembe ndogo kuliko matundu yake?

Mama Pumu: Ndugu zangu, mwanangu ana pumu, nami nimeshauriwa kununua mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA. Hunasaje chembe zinazoweza kupenya matundu yake?

Fundi Mitambo: Dada, kichujio hicho si chekeche, ni mkeka wa nyuzi nyembamba zilizosongamana. Chembe kubwa hugonga nyuzi, ilhali zile ndogo mno hutangatanga hadi kuzigusa na kunata. Za ukubwa wa kati ndizo ngumu zaidi kunaswa, ndiyo maana hupimwa kwa chembe za takriban mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hutakiwa kuzuia asilimia 99.97 yake. Harufu haizuii, hiyo huhitaji mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa kunasa harufu.

Mstaafu wa Saruji: Kiwandani tulichuja vumbi kwa mifuko mirefu ya kitambaa iliyokung'utwa kwa mikupuo ya hewa iliyoshindiliwa. Ajabu ni kwamba tabaka jembamba la vumbi linalobaki juu ya kitambaa huboresha uchujaji.