Mawakala wa vyuo Dar, acheni kuwauzia wazazi wetu Cyprus ya Kaskazini kwa jina la Ulaya

Wakuu habari zenu. Leo sizunguki mbuyu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo nikiwa na hasira.

Msimu wa udahili umeanza tena na matangazo ni yale yale. Bendera ya Umoja wa Ulaya na nyota zake, bahari ya bluu, mdada kavaa joho anacheka, halafu maandishi makubwa: SOMA ULAYA, bila IELTS (ule mtihani wa Kiingereza), bila viza, skolashipu asilimia 50, fanya kazi huku unasoma. Chini kabisa wameandika Cyprus, basi. Neno Kaskazini hulioni popote, maana wakiliandika mzazi atauliza Kaskazini ndo wapi, na akishauliza biashara imekufa.

Sasa mimi nasoma huku, mwaka wangu wa mwisho, naomba niwaambie wazazi kile ambacho wakala hawaambii. Kisiwa hiki kimegawanyika tangu 1974 jeshi la Uturuki lilipoingia. Kusini ndo Jamhuri ya Cyprus, ile iliyoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Kaskazini walijitangazia nchi yao 1983 na mpaka leo dunia nzima anayeitambua ni Uturuki peke yake. Ndege za abiria za kuja uwanja wa Ercan zote zinapitia Uturuki, hela ni lira ya Uturuki, na ubalozi wenye hadhi kamili huku ni wa Uturuki tu. Hiyo ndo "Ulaya" mzee wako anauziwa. Kwenye karatasi za EU kisiwa chote kinahesabika ni chao lakini sheria zao zimesimamishwa upande huu, kwa hiyo mwanafunzi anayetua Ercan hajaingia Ulaya yoyote ya kumfaidia.

Tena kuna hili ambalo wengi linawakuta wakiwa wameshafika. Ukiingilia Ercan, serikali ya kusini inahesabu umeingia kisiwani kinyume cha sheria. Pale katikati ya Lefkoşa, ndo huo mji wanaouita Nicosia, kuna kivuko cha miguu cha Lokmacı. Mzungu mtalii anatoa pasi, anavuka, anakwenda kula aiskrimu mtaa wa Ledra na kurudi. Wewe Mtanzania mwenye kibali cha mwanafunzi cha kaskazini ukifika kwa askari wa upande wa pili anafungua pasi, anatafuta muhuri haoni, anakurudishia na kukuonyesha kwa mkono ulikotoka. Sasa huyo dogo aliyeambiwa wikiendi atapanda treni kwenda kumsalimia mjomba wake Ujerumani afanyeje? Kwanza kisiwa kizima hakina hata treni!

Huyo dogo simtungi. Nilimkuta hosteli muhula huu, katokea huko Morogoro, amekuja na begi limejaa makoti mazito na picha ya tangazo bado iko kwenye simu yake. Siku ya kwanza ananiuliza, "Kaka, hivi kituo cha basi la kwenda Ujerumani kiko wapi?" Nilikaa kimya kwanza maana sikujua naanzia wapi. Baba yake kauza shamba la mpunga, na siyo lote lilikuwa lake, kuna sehemu ya baba mdogo pale na ugomvi wa familia bado haujaisha. Wakala alichukua hela ya "usajili", ya "barua", ya "kupokelewa uwanja wa ndege", ya tiketi ambayo yeye ndo alikata na cha juu kaweka. Uwanjani hakuna aliyekuja kumpokea. Dogo alikaa pale Ercan usiku mpaka Mnaijeria mmoja akamwonea huruma akampandisha teksi.

Niliongea na baba yake kwa simu. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, halafu swali lake la kwanza, "Hivi huyo mdogo wako mbona anasema hana hela ya kula, si kule kazi zipo nje nje? Yule kijana wa ofisini alituambia mwaka wa pili atajilipia mwenyewe." Wakuu unamjibu nini mzee kama huyu? Nilimweleza ukweli, akanyamaza, akasema basi mwanangu nimekusikia, simu ikakatika. Nilivyompigia yule wakala, aliona namba ya huku akapokea kwa bashasha akidhani ni mteja, alipojua ninachouliza akasema yuko kwenye kikao, tangu hapo meseji zinasomwa hazijibiwi. Lakini stetasi anaposti kila siku, wanafunzi wapya wako uwanja wa JNIA na bendera mkononi.

Twende kwenye hizo kazi sasa. Huku mwanafunzi hafanyi kazi kwa kutaka tu, mwajiri anatakiwa akukatie kibali, na waajiri wengi hawataki kuhangaika. Wanachotaka ni mtu wa kuosha vyombo hotelini mji wa Girne au kubeba tofali saiti, analipwa lira, mkononi, bila karatasi. Ukimaliza mwezi bosi anakwambia njoo wiki ijayo, wiki ijayo anakwambia wewe nani. Utamshtaki wapi wakati wewe mwenyewe umefanya kazi bila kibali? Polisi wakikukuta unakamatwa wewe na faini juu. Nimeona watu wazima, wana digrii zao za nyumbani na wamekuja kusoma masta, wanalia kwa mshahara wa mwezi mmoja.

Hiyo lira yenyewe mnajua ilivyo. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Uturuki ulivuka asilimia 80 na huku tunatumia hela hiyo hiyo. Ila ada unalipa kwa yuro, na nyumba ukitoka hosteli mwenye nyumba anataka paundi za Kiingereza, tena miezi kadhaa kwa mpigo, na dipoziti, na komisheni ya dalali. Unaingiza lira unatoa paundi. Mwanafunzi wa Kiafrika atajilipia ada kwa hesabu gani hapo, naomba wakala mmoja tu aje aipige hapa tuione.

Skolashipu nayo ni uongo mweupe. Sijawahi kukutana na Mwafrika huku aliyelipa hiyo wanayoita ada kamili, kila mtu ana "asilimia 50", wenye divisheni one na wenye nne. Bei imepandishwa ili ipunguzwe, mzazi ajisikie mtoto wake kapata bahati. Mama mtu anapiga vigelegele kanisani mwanangu kapata ufadhili wa Ulaya, kumbe amepewa bei ya kawaida ya duka.

Na ikitokea nyumbani hela imekwama, biashara imeyumba au mzazi kaugua, hapo ndo utajua uko wapi. Chuo hakikusajili muhula, usiposajiliwa kibali cha ukaazi hakitoki, kibali kisipotoka unaanza kuhesabiwa faini ya kila siku unayozidisha. Ile faini inakua tu. Kuondoka unashindwa maana uwanjani watakudai, kusoma unashindwa maana unadaiwa, kufanya kazi ndo kama nilivyosema. Kuna watu wamekwama hivyo kwa miaka, wanajificha, hawatembei mchana karibu na stendi. Na wadada waliokwama wanaitwa kwenye makasino na vilabu vya usiku kwa ahadi za "kazi ya mapokezi", sitaandika zaidi ya hapo maana baadhi nawafahamu na wana wazazi wanaoweza kusoma hapa.

Ukipata shida unamwona nani? Ubalozi wetu uko Ankara. Pasi ikiisha muda, ikipotea, ukiumwa, ukifiwa, Ankara. Na kwenda Ankara ni kuingia Uturuki ambako Mtanzania anahitaji viza. Wenzetu Wanaijeria yaliwafika shingoni, wanafunzi wao kadhaa wamefia huku, mpaka tume yao inayoshughulikia raia walio nje, NiDCOM, ikasimama hadharani kuwaonya wazazi wasilete watoto. Sisi tunasubiri maiti ngapi?

Najua watakuja watu hapa kusema mbona fulani amesoma huko na yuko vizuri. Ni kweli na sibishi. Kuna vyuo vya maana, mfano EMU (Eastern Mediterranean University) ya mji wa Gazimağusa ipo tangu 1979, ina walimu na maktaba, na vyuo vingi huku vina ithibati ya YÖK, mamlaka ya elimu ya juu ya Uturuki. Mtoto ambaye familia ina ada ya miaka yote minne benki, anajua anakokwenda, anasoma anamaliza anarudi. Mimi mwenyewe kozi yangu siilalamikii. Lakini kisiwa kidogo hivi kina vyuo zaidi ya ishirini, vingine ni jengo la ghorofa moja pembeni ya duka la magari, na mwaka 2024 kulizuka kashfa ya diploma feki watu wakakamatwa mpaka huko kwenye ngazi za serikali. Wakala hakuchagulii chuo kizuri, anakuchagulia kile chenye komisheni nene kwa kila kichwa. Ndo maana ukimwambia unataka chuo fulani anakuzungusha wiki mbili halafu anakwambia kimejaa.

Wazazi na madogo, hebu ichukueni ile barua ya udahili mliyotumiwa, msisome juu kwenye hongera, someni chini kwenye anwani. Ukikuta imeandikwa "Mersin 10, Turkey", hiyo ndo Kaskazini. Mersin ni mji wa Uturuki bara, barua za huku zinapitishwa kule kwa sababu mfumo wa posta wa dunia hauwatambui. Namba ya simu ya chuo ikianza na +90 392 ni Kaskazini, Jamhuri ya kusini inaanza na +357. Wakala wengine wanajua hili wanaikata sehemu ya chini ya barua kabla ya kukutumia, wanakwambia ni skani mbovu. Barua iliyokatwa chini usiilipie hata shilingi.

Na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mpo? Mnatoa kile cheti cha NOC, cha kutokuwa na pingamizi, kwa anayekwenda kusoma nje, mna orodha ya mawakala mliowasajili. Mbona hawa wa ofisi za vyumba viwili ghorofani wanatangaza peupe na namba zao za simu na hakuna anayewagonga mlango? Kwani kuna ugumu gani kumlazimisha wakala aandike kwenye tangazo, kwa herufi kubwa kama alizoandikia Ulaya, kwamba chuo kiko Cyprus ya Kaskazini, kwamba kinatambuliwa na nani, kwamba kazi inahitaji kibali, na kwamba ubalozi uko nchi nyingine? Mzazi akisoma yote hayo na bado akitaka kulipa, alipe, ni hela yake. Ila alipe akiwa anajua. Na hayo yote yawekwe kwenye fomu, mzazi asaini mbele ya mtu wa TCU, siyo mbele ya wakala. Mawakala wakija kubanwa watasema vijana wenyewe ndo wanataka kutoka. Wanataka ndiyo, nani asiyetaka, lakini kijana wa miaka 19 kutamani kusoma nje hakumpi mtu ruhusa ya kumla baba yake shamba.

Yule dogo kwa sasa tunachanga chakula wanafunzi wa Afrika Mashariki, Wakongo na Wakenya wameingia pia, na tunamtafutia namna ya kusajili muhula kabla dirisha halijafungwa. Chuo kimekubali alipe kwa mafungu, fungu la kwanza limekaribia kutimia.

Mwenye mtoto au mdogo wake anayetaka kulipa wiki hii asilipe kwanza. Piga picha barua, funika jina na namba ya pasi, iweke hapa hapa kwenye uzi. Nipo online kila jioni baada ya kipindi, na wenzangu wa Girne na Gazimağusa nimeshawaambia waje. Tutakwambia hicho chuo kiko wapi na kikoje, bure.