Kamati ya watu 7, mapendekezo 3, kura zinazunguka: tuamueje?

Mjumbe wa Saba:
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya vikao. Kamati ina wajumbe 7 na inatakiwa kuchagua pendekezo moja kati ya matatu (tuyaite A, B na C) ya mfumo wa kutunza kumbukumbu. Tumepiga kura mbilimbili: A limelishinda B, B limelishinda C, halafu C likalishinda A! Sasa watu wanashukiana kwamba kuna aliyegeuza kura. Pili, mwenyekiti akishataja analolipenda, mjadala unapoa hapohapo. Tatu, tumejaza jedwali la alama lenye vigezo na uzito, lakini bei, iliyopewa uzito mkubwa kuliko vyote, haionekani kuamua chochote. Tuanzie wapi kurekebisha?

Hesabu Kwanza:
Mkuu, msitafute mchawi. Matokeo hayo yanawezekana bila mtu yeyote kugeuza kura. Chukua wajumbe 3 wanaopanga A, B, C kuanzia wanalolipenda zaidi. 2 wanapanga B, C, A. Na 2 wanapanga C, A, B. A dhidi ya B: A linapita 5 kwa 2. B dhidi ya C: B, 5 kwa 2. C dhidi ya A: C, 4 kwa 3. Kila mjumbe ana msimamo ulionyooka, ila kamati kwa ujumla wake ndiyo inayozunguka. Mfaransa Condorcet alilieleza jambo hili mwaka 1785.

Hatari iko kwa anayepanga ajenda. Kwa kura hizohizo, mkianza na A na B, kisha mshindi akutane na C, C linachukua. Mkianza na B na C, mshindi ni A. Mkianza na C na A, mshindi ni B. Aliyepanga mfuatano ndiye aliyechagua, na huenda hata yeye hajui.

Fanyeni hivi: kila mjumbe apange yote matatu kwenye karatasi moja, kwa siri. Kwanza tazameni kama lipo pendekezo linaloyashinda mengine yote mawili moja kwa moja. Likiwepo, mmemaliza. Likikosekana, toeni alama 2 kwa la kwanza, 1 kwa la pili, 0 kwa la mwisho. Kwa mfano wangu A linapata 8, B 7, C 6. Jumla lazima iwe 21. Isipofika, kuna karatasi imejazwa vibaya. Kanuni hii ipitishwe na iandikwe kabla karatasi hazijafunguliwa, na orodha ya mapendekezo ifungwe, kwa sababu pendekezo la nne lisilo na tumaini la kushinda linaweza kupindua nafasi za yale matatu. Alama hizi pia zina udhaifu wake: mtu anaweza kumshusha mshindani mkuu hadi mwisho kwa makusudi. Hilo halizuiliki kabisa, ndiyo maana nasisitiza siri.

Karani wa Vikao:
Nichukue la mwenyekiti, kwa sababu ndilo linaloharibu vikao vingi zaidi, na hesabu nzuri kiasi gani haiwezi kuokoa maoni ambayo hayakusemwa.

Kikao kikifunguliwa, dakika 10 za kimya. Kila mjumbe, mwenyekiti akiwemo, anaandika alama zake za jedwali na sababu moja kwa kila kigezo, kwa kalamu ya wino, si penseli. Katibu anakusanya karatasi zote kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, kisha anaandika alama ubaoni bila majina. Mjadili pale tu ambapo alama ya juu na ya chini zimeachana kwa 3 au zaidi; penye maelewano msipoteze muda. Mdogo kicheo azungumze kwanza, mwenyekiti mwisho kabisa. Baada ya hapo jazeni upya.

Kwa alama ya kamati tumieni ile ya katikati, si wastani. Mfano: 3, 4, 7, 7, 7, 8, 8. Ya katikati ni 7, wastani ni 6.3. Mwenye 3 akiamua kukomoa na kuandika 0, wastani unashuka hadi 5.9, ila ya katikati inabaki 7.

Jambo jingine ni namna swali linavyoulizwa. Usiku wa kuamkia kurushwa kwa chombo cha anga cha Marekani, Challenger, Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za kukirushia, walishauri kisirushwe kukiwa na baridi chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani takriban 12 za Selsiasi. Mjadala ukageuka: badala ya kuulizwa "mna uhakika gani ni salama?", wakajikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba si salama. Mwishoni walioulizwa kura ni mameneja tu, wahandisi hawakuhesabiwa. Chombo kikarushwa, kikasambaratika angani, na wote 7 waliokuwemo walifariki. Kwa hiyo kwenye ajenda yenu iandikwe wazi ni upande upi unaobeba mzigo wa kuthibitisha.

Mizani:
La bei. Tatizo si uzito, ni mtawanyiko wa alama. Tuseme bei ina uzito 40 na muda wa kufunga mfumo una uzito 25, alama zikiwa 0 hadi 10. Bei: A 8, B 7, C 7. Muda: A 3, B 9, C 6. Kwenye bei tofauti kubwa kabisa ni 1 × 40 = 40. Kwenye muda ni 6 × 25 = 150. Muda ndio unaoamua, hata kama karatasi inasema vingine.

Dawa yake: kwenye kila kigezo, kiwango kibaya kabisa kati ya vilivyoletwa kipewe 0 na kizuri kabisa 10. Kisha wajumbe waoneshwe viwango hivyo bila majina ya mapendekezo na waulizwe: kutoka bei ya juu hadi ya chini, au kutoka muda mrefu hadi mfupi, ni badiliko lipi lenye thamani zaidi kwetu? Uzito utoke kwenye jibu hilo. Hapa wengi hukwama: bei zikikaribiana, uzito wa bei lazima ushuke, hata kama pesa ni jambo kubwa kwenu kwa kawaida.

Masharti ya lazima yasipewe alama. Mfumo usioweza kurejesha kumbukumbu zilizopotea utolewe mapema, la sivyo urahisi wa bei utaziba shimo hilo kwenye jumla. Mwisho, pandisheni na shusheni kila uzito kwa 10. Mshindi akibadilika, jedwali halijawapa jibu. Linawaambia mapendekezo hayo yako sawa.

Mjumbe wa Saba:
Asanteni sana. Ya alama za muda yamenifumbua macho, jedwali letu liko hivyohivyo. Swali moja: tukipata sare, mwenyekiti aamue?

Karani wa Vikao:
Angalieni kwanza hati iliyounda kamati. Kama kamati inaamua, kura ya uamuzi ya mwenyekiti ni halali pale tu inapotajwa humo. Kama kamati inashauri tu, pelekeni yote mawili pamoja na sababu za kila upande, na anayeamua aweke sahihi yake.

Kabla ya sahihi, tengeni dakika 15 kwa zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein: chukulieni mwaka umepita na mfumo umeshindwa vibaya, kila mmoja aandike kwa nini. Msilifanye baada ya mkataba, halitabadili kitu. Kwenye muhtasari ziingie sababu tatu nzito zaidi, dalili ya kila moja, na tarehe ya kuzikagua.