Damu imevilia kando ya ubongo wa baba: wamtoboe fuvu, au tusubiri njia ya mshipa?

BintiWaTanga
Naomba ushauri wa waliopitia. Baba ana miaka 74. Wiki ya tano sasa tangu agonge kichwa kwenye boriti ya banda la kuku, akiinuka na ndoo ya maji. Hakuzimia, hakutoka damu, nundu ikanywea, tukasahau. Juma lililopita ndala ya mguu wa kushoto ikawa inamvuka bila mwenyewe kujua. Kikombe cha chai kinamponyoka. Analala mchana kutwa, na juzi aliniita kwa jina la marehemu shangazi. Tulikokwenda kwanza wakasema ni presha, tukarudi na vidonge.

CT skani ndiyo iliyotufumbua macho: damu ya zamani upande wa kulia, chini ya utando mgumu wa ubongo, unene milimita 19, na ubongo umesukumwa milimita 8. Daktari anataka kumtoboa matundu mawili kesho asubuhi. Kaka yangu aliye Muscat ametuma video ya mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, fuvu haliguswi, anasema tusubiri tuchange hela. Baba anameza aspirini ya moyo. Fomu ninayo mkononi, naogopa kusaini.

Nesi_Wodi
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 sasa nahudumia wagonjwa wa upasuaji wa ubongo. Saini.

Ubongo wa mzee husinyaa, na vile vimishipa vinavyouunganisha na utando mgumu vinabaki vimevutika, hata kigongo kidogo kinavikata. Damu inajikusanya polepole. Mwili unaizungushia kiutando laini, nacho kinaota vimishipa dhaifu vinavyovuja tena na tena. Ndiyo maana mtu anaugua wiki kadhaa baadaye, na wengi hudhani ni kiharusi au uzee.

Watu wakisikia kutoboa fuvu wanafikiri kichwa kinapasuliwa chote. Siyo. Kila tundu lina upana wa sentimita moja na kitu. Damu inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari, wanasuuza kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, wanaacha mrija kama siku mbili. Huo mrija uuulizie. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliotolewa 2009, ulionyesha waliowekewa mrija damu iliwarudia 9 kati ya 100, wasiowekewa, 24.

Njia ya kaka yako ni ya kweli na mimi naipenda. Wanapita pajani au kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye ateri inayolisha utando, wanaiziba kwa chembe ndogo au kitu kama gundi. Vile vimishipa vinavyovuja vinakosa chakula. Lakini damu iliyokwisha kukusanyika haiitoi. Mwili unainyonya wenyewe kwa wiki na miezi. Baba mguu umeshalegea, ubongo umesukumwa, hana hizo wiki. Utafiti wa EMBOLISE wa Marekani, 2024, ulikuwa na wagonjwa 400 waliofanyiwa upasuaji, nusu wakaongezewa kuzibwa ateri. Ndani ya siku 90, waliolazimika kurudiwa upasuaji ni 4 kati ya 100, dhidi ya 11 kwa wale wengine. Pale iliongezwa juu ya upasuaji, haikushika nafasi yake.

Aspirini itaje leo hii, usingoje waulize. Wala msimwachishe wenyewe.

MwanaWaBiAsha
Mama yangu alitobolewa mwaka 2022, kwa ganzi tu, akiwa macho. Maumivu hakuyasikia, ila mlio wa keekee hajausahau mpaka leo. Kesho yake akaomba uji. Wiki ya tatu kichwa kikamuuma upya, tukamrudisha siku ileile: damu imejaa tena, wakasuuza kupitia tundu lilelile. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Dada, akitoka usidhani yameisha. Kichwa kikiuma upya au usingizi ukizidi, mrudishe usiku huohuo.

BintiWaTanga
Nilisaini jana saa mbili usiku. Ametoka chumba cha upasuaji saa tano asubuhi. Siku bado anazichanganya, lakini akiambiwa akunje vidole vya mguu wa kushoto anavikunja. Mrija upo, watautoa keshokutwa. Aspirini daktari amesema yeye ndiye atakayetuambia lini airudie. Kaka nimemuunganisha na daktari amuulize mwenyewe habari ya kuziba ateri, ikiwa damu itarudi. Nesi, Mungu akulipe.